Mlango Uliofunguka kwa Ndani

Mama Taratibu aliusukuma mlango wa choo kwa mara ya saba, akauvuta, akausukuma tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya zahanati tangu alfajiri, na kwenye korido hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Jengo lilikuwa na miezi mitatu tu tangu lifunguliwe. Bado lilinuka rangi na saruji mbichi, na tayari lilikuwa limezungushiwa utepe wa polisi.

Kituoni walimwita hivyo, Mama Taratibu, kwa sababu katika miaka yake thelathini ya upelelezi hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti wala kumwona akikimbilia jambo. Wenzake walimtania kwamba hata chai huinywa kwa awamu. Siku hiyo, hata hivyo, muda ulikuwa umembana.

Wiki mbili nyuma, mzee mmoja aliyekuwa fundi viatu aliingia kwenye choo hicho cha wagonjwa, akaanguka, na mwili wake ukaziba mlango. Mlango ulifunguka kwa ndani. Kila wauguzi waliposukuma, walimsukuma yeye. Bawaba nazo zilikuwa upande wa ndani, haikuwezekana kuzifungua. Mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la korido, alipiga magoti mlangoni akawa anaongea naye kupitia upenyo wa chini. Mzee alikuwa akimjibu kwa kugonga ukuta kwa pete yake. Alimjibu kwa muda mrefu, kisha akanyamaza. Walipofanikiwa kuupasua ubao wa juu, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Daktari aliandika kwamba angefikiwa ndani ya dakika kumi, angepona.

Ramani ya jengo ilikuwa na saini ya msanifu majengo mmoja mchanga, binti wa miaka ishirini na sita, na katika ramani hiyo mlango ulichorwa ukifunguka kwa ndani. Bodi ya wasanifu ingekaa kesho saa nne asubuhi kumfutia leseni aliyoipata mwaka jana tu. Baada ya bodi, faili lingekwenda mahakamani kama uzembe uliosababisha kifo. Binti mwenyewe, katika mahojiano yote, alishikilia sentensi moja: mlango ule niliuchora ukifunguka kwa nje.

"Mama, utachoka na huo mlango," alisema seremala.

Huyu ndiye aliyeufunga mlango huo kwenye fremu wakati wa ujenzi, na ndiye mtu wa kwanza kukamatwa. Alilala mahabusu siku mbili kabla hajaachiwa. Alikuwa na kila sababu ya kununa, lakini asubuhi hiyo alikuja kwa miguu kwenye mvua, na alipoona Mama Taratibu anataka kupiga magoti kupima bawaba, alivua koti lake akalikunja na kumwekea chini.

"Eleza tena ulivyoufunga."

Seremala alifungua sanduku lake la vifaa, akatoa nakala ya ramani iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliishika kama mtu anayeshika cheti cha kuzaliwa. Alieleza kwamba yeye hafungi mlango kwa kubahatisha. Kwenye ramani, mlango huchorwa kwa mstari mmoja na robo duara, na robo duara ndiyo inayokuonyesha mlango unakwenda upande gani. Hii hapa, inakwenda ndani. Na kwenye kona ya chini, hii hapa herufi B na saini ya binti.

"Ningekuwa nimekosea, mama, ningesema," alimaliza. "Nina mke mkali, ananitosha. Sihitaji na dhambi."

Mama Taratibu alipima korido kwa futi kamba. Aliandika. Mabenchi ya wagonjwa yalikuwa yamesimikwa sakafuni kwa saruji, na la mwisho lilifika karibu kabisa na fremu ya mlango wa choo. Aliliandika hilo pia. Kisha akaingia chooni, akafunga mlango, ambao ubao wake wa juu uliopasuliwa ulikuwa umezibwa kwa mbao nyingine, na giza likamfunika. Kidirisha kilikuwa juu sana, chembamba kama daftari lililolazwa. Alipapasa ukuta wa kulia kutafuta taa. Hakuna kitu. Alipapasa wa kushoto, mkono ukagusa swichi.

Aliwasha taa. Alifungua mlango. Mlango ulilala juu ya ukuta wa kushoto, ukaifunika swichi.

Alitoka, akaingia tena, kama mgonjwa. Ukisukuma mlango huioni swichi. Ili uwashe taa, ni lazima kwanza uingie gizani, ufunge mlango, ndipo upapase nyuma yake.

"Fundi," aliita, "nani anaweka swichi nyuma ya mlango?"

Seremala alichungulia, akakuna kichwa. "Hakuna. Hata mlevi hawezi. Labda mlango haukuwa..."

"Malizia."

"Labda wakati wa umeme unawekwa, mlango haukuwa wa kuja ndani."

Mama Taratibu alirudi kwenye benchi, akafungua faili, akatafuta maelezo ya muuguzi. Yalikuwa kwenye ukurasa wa nne, na alikuwa ameyasoma mara nyingi bila kuyapa uzito. Walipoupasua mlango, taa ilikuwa imezimwa. Mzee alianguka akiwa anatafuta swichi.

Alilifunga faili. Kisha akauliza mafundi huingia kwenye jengo kwa mpangilio gani. Seremala alimweleza kwamba wa umeme hutangulia, kuta zikiwa bado hazijapigwa plasta, maana ni lazima wachimbe njia za nyaya. Maseremala huja mwisho mwisho, nyumba ikiwa inakaribia rangi. Hapa kati yao ilipita miezi miwili.

"Na wa umeme naye alipewa ramani?"

"Lazima. Kila fundi na nakala yake."

Mama Taratibu aliichukua nakala ya seremala kama ushahidi, akamrudishia koti lake. Lilikuwa limelowa kwenye sakafu, naye akalivaa hivyohivyo.

*

Ofisi ya Msanifu Mkuu, mwajiri wa yule binti, ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kirefu chenye meza sita za kuchorea. Meza ya dirishani ilikuwa tupu. Juu yake, ukutani, palikuwa na karatasi ya kanuni za ofisi ambazo kila msanifu mpya hukabidhiwa siku ya kwanza. Ya kwanza ilisema: Mchoree mtu dhaifu kuliko wote watakaoingia humu.

"Ni maneno yako?" aliuliza Mama Taratibu.

"Yangu. Nimewalea wasanifu kumi na tisa kwa maneno hayo." Msanifu Mkuu alikuwa mtu mzima mwenye suti nadhifu na sauti ya darasani. "Huyu wa ishirini ndiye aliyenivunja moyo."

Ofisi yake bado ilichora ramani kwa mkono, kwa wino, kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na nakala zote hutolewa kutoka kwenye hiyo moja. Alileta ramani mama kutoka kwenye droo, akaitandaza bila kusita. Mama Taratibu aliomba ruhusa, akaichukua mpaka dirishani, akaibandika kwenye kioo kwa viganja vyake viwili. Nje kulikuwa na kijivu tupu, lakini mwanga huo ulitosha. Pembeni mwa mlango wa choo, upande wa korido, karatasi ilikuwa nyembamba zaidi. Alama ya kukwaruzwa ilipinda taratibu, robo duara iliyofutwa.

"Hapa pamekwaruzwa kwa wembe."

"Bila shaka. Wino haufutiki kwa raba, mama. Hapa kila mtu ana wembe mezani." Hakubadilika uso. "Binti alichora, akafikiri tena, akajirekebisha, kisha akatia saini. Ndivyo tunavyofanya kazi."

"Kabla ya kutia saini."

"Kabla."

"Na baada ya kutia saini, ukitaka kubadili kitu?"

Msanifu Mkuu alitabasamu kidogo. Hilo lilikuwa somo lake. Alimwonyesha jedwali dogo kwenye kona ya ramani, akamweleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi, kwamba ramani ikishatiwa saini haiguswi. Ukibadili hata bomba la maji, unaongeza herufi inayofuata kwenye jedwali, tarehe, na jina la aliyebadili. A inafuatwa na B, B inafuatwa na C. Fundi akiona herufi mpya anajua kuna jambo limehama. Asiyefuata hilo si msanifu, ni mhuni.

"Na hii ni B."

"Ni B. Mabadiliko ya mwisho ni B. C haipo."

"Kwa hiyo nakala zote zenye B zinafanana."

"Ni lazima zifanane."

Mama Taratibu aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamsomea, akamwomba atie saini chini. Alitia, kwa kalamu yake mwenyewe. Alipokuwa anatoka, aliuliza kama mtu aliyesahau kitu, yale mabenchi ya korido ni wazo la nani. Msanifu Mkuu alisema mwenye zahanati aliyaongeza baadaye, alitaka wagonjwa wengi zaidi wapate pa kukaa, na ni jambo jema, sivyo?

"Ni jema," alisema Mama Taratibu. "Mjane alikuwa amekaa hapo."

*

Mama Taratibu alimkuta fundi umeme nyumbani kwake, kwa kuwa mvua ilikuwa imesimamisha kazi. Alikuwa amefumua redio ya jirani mezani. Aliikumbuka zahanati, aliikumbuka swichi, na swali lenyewe lilimuudhi.

"Mimi niweke swichi nyuma ya mlango? Mama, mimi si mwanagenzi. Mlango ulikuwa wa kwenda nje, kwa hiyo ndani ukuta ulikuwa wazi. Nikaweka pale mkono unapofika. Huyo aliyegeuza mlango ndiye mumuulize."

"Nakala yako iko wapi?"

Hapo akawa mdogo. Alimtazama mkewe, aliyekuwa anakunja nguo kwenye kochi. Mke ndiye aliyejibu. Karatasi zile ni ngumu na nzuri, na kazi ikiisha mumewe huziacha zikizagaa nyumba nzima. Yeye huzikata na kuwafunikia watoto madaftari. Mwalimu wao hataki kuona daftari uchi.

"Naomba niyaone."

Mke alisita. Watoto walikuwa wamebaki nyumbani kwa sababu ya mvua, wamelala chumbani baada ya chakula cha mchana, na mifuko yao ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Aliyaleta madaftari saba, akayapanga mkekani. Mama Taratibu alikaa chini, miguu ameinyoosha, akawa anayavua majalada moja moja. Jalada la Kusoma lilikuwa na mchoro wa ngazi na stoo ya dawa. La Hisabati lilikuwa na tangi la maji na sehemu ya paa. Daftari la nne lilikuwa la mradi mwingine kabisa. La tano, Jiografia, lilikuwa limefunikwa vizuri kuliko mengine, pembe zote zimekunjwa mara mbili.

Alilivua, akaligeuza upande wa ndani, akalilaza mkekani.

Choo cha wagonjwa. Mstari mmoja, na robo duara ya wino mweusi, safi, inaingia koridoni.

"Si nilikwambia?" alisema fundi umeme.

"Bado. Hii ni picha tu. Nataka kona."

Kona ilikuwa kwenye daftari la Sayansi. Jedwali lote lilikuwepo: A na tarehe yake, B na tarehe yake, saini ya binti, na mhuri wa ofisi wa siku nakala ilipotolewa. Mama Taratibu aliyasogeza makaratasi mawili mpaka kingo zilipokutana. Mkasi wa mama mwenye nyumba ulikuwa umepita katikati ya neno "korido", na neno likaungana. Alitoa nakala ya seremala kutoka kwenye mfuko wake wa plastiki, akaiweka chini yake. Herufi ileile. Saini ileile. Milango miwili tofauti.

Aliandika hati ya kupokea ushahidi, wenye nyumba wote wawili wakatia saini. Mke alikuwa anayatazama yale madaftari mawili yaliyobaki uchi. Mama Taratibu alifungua mkoba, akatoa bahasha mbili za kaki za ofisi, akazipasua kwenye maungio. Alifunika Jiografia, akafunika Sayansi, akakunja pembe mara mbili kama zilivyokuwa.

*

Msanifu Mkuu alionyeshwa makaratasi hayo saa tisa alasiri. Alivua miwani, akaipangusa. Mama Taratibu alimsomea maelezo yake mwenyewe ya asubuhi, yale ya B zote kufanana, na saini iliyokuwa chini. Hakukana. Alisema mwenye zahanati alikuwa anampigia simu kila siku kuhusu mabenchi, na mlango ukifunguka kwa nje ulikuwa unagonga benchi la mwisho. Binti alishakataa mabenchi ya upande huo mara mbili, angekataa na ya tatu. Ilikuwa kazi ya nusu saa, wembe na kalamu. Mlango ni kitu kidogo, alisema.

Kisha akaomba wakili wake. Na alipokuwa anasubiri, alivuta droo akatoa karatasi nyingine, akaisukuma mbele ya Mama Taratibu kwa kidole kimoja.

"Kabla hujampelekea habari njema, muulize nani alikagua jengo siku ya kulikabidhi."

*

Binti alikuwa anaishi kwa dada yake, chumba cha uani. Dada mtu alimkaribisha Mama Taratibu, akaweka chai bila kuuliza, akatoka na kuwafungia mlango. Mvua ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu. Binti alikuwa amekaa mezani, kalamu zake za kuchorea amezifungua na kuzisafisha, zimepangwa juu ya kitambaa kwa ukubwa wake kama vitu vya mtu anayehama.

Mama Taratibu aliyaweka mbele yake makaratasi ya madaftari, ameyaunganisha.

Binti aliinama. Aliweka kidole juu ya robo duara, akaifuata toka mwanzo mpaka mwisho.

"Ni wa kwangu," alisema.

"Ni wa kwako. Msanifu Mkuu aliugeuza baada ya saini yako, hakuongeza herufi. Amekiri."

Dada yake angesikia hapo angepiga vigelegele. Binti alirudisha kidole mwanzo wa mstari. Mama Taratibu alisubiri, maana hiyo ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote. Alikunywa chai kidogo. Kisha akatoa karatasi ya pili, fomu ya ukaguzi wa mwisho. Ilikuwa na orodha: paa, maji, umeme, milango. Mbele ya kila neno palikuwa na alama ya vema, na chini palikuwa na saini ambayo sasa aliifahamu vizuri.

"Amenipa na hii."

"Nilijua ataitoa." Sauti ya binti ilishuka. "Niliingia chooni siku ile. Nilisukuma, mama. Ulipaswa kuwa mlango wa kuvuta, na mimi nikasukuma, ukafunguka. Nikasimama pale gizani natafuta swichi niliyoichora mwenyewe."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia. Akasema mabenchi yameshasimikwa, na wageni wa ufunguzi wanakuja Jumamosi. Akasema weka vema, tutarekebisha baadaye. Ndiye aliyenifundisha kushika kalamu." Aliitazama fomu. "Nikaweka vema."

"Mbona siku zote hizi hukusema?"

"Niliulizwa kama niliuchora. Nikajibu la kuchora."

Nje mtu alikuwa anakinga maji ya paani kwa ndoo, na maji yalisikika yakijaa. Binti aliuliza kama mjane atakuwepo kesho. Mama Taratibu alisema atakuwepo. Alimweleza kwamba bibi yule huja kituoni kila asubuhi, hukaa kwenye kiti cha mapokezi na chupa ya chai anayowaletea polisi wa zamu, na huuliza swali moja. Hataki mtu afungwe. Anauliza nani alijua kuhusu mlango.

"Bodi wataona alichokifanya Msanifu Mkuu," alisema Mama Taratibu. "Hiyo ya kuchora imekwisha, hakuna atakayekushika. Hii nyingine ni lazima iingie kwenye faili. Nikiiandika mimi, ni ripoti ya polisi. Ukiiandika wewe, ni neno lako."

"Watanifutia leseni."

"Inawezekana. Siwezi kukudanganya, mwanangu."

Alitoa karatasi nyeupe, akaisogeza, akageuza uso kuelekea dirishani ili asimtazame. Kisha akasikia kalamu.

Binti aliandika kwa herufi za ramani, zilizosimama wima, zenye nafasi sawa. Hazikuwa nyingi. *Mlango niliuchora ukifunguka kwa nje. Nilipoukuta unafunguka kwa ndani, nilijua, na nilitia saini.* Alitia saini yake hapo chini. Mama Taratibu alinyoosha mkono kuipokea, lakini binti alikuwa hajamaliza. Alichukua rula, akapiga mistari minne kwenye kona ya chini ya karatasi, jedwali dogo. Ndani yake akaandika herufi C, tarehe ya siku hiyo, na jina lake.